Ushahidi Unapopinga Unachokiamini: Mwongozo Kutoka Friji ya Magamba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba iliyoko Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaingiza kwenye friji ambayo nafasi zake zilikuwa za kugombaniwa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alipoona mwenzake anawahi nafasi kwa kuweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa, aliamua kuingiza ya kwake yakiwa bado ya moto, huku akijua kwamba huenda akaiharibu friji. Baada ya kama saa moja na nusu alirudi na kukuta maziwa yake yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganya mambo, kwani jambo hilo haliwezekani.

Miaka michache baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati somo lilipofika kwenye kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya dunia nzima, na tangu siku hiyo wenzake walimtania kwa msemo huo kila alipokosea hesabu darasani.

Kisa hiki husimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa ili tumcheke mwalimu. Mimi nakitumia kwa kazi nyingine, kwa sababu kina sehemu ya pili ambayo wasimuliaji wengi huiruka, na sehemu hiyo hutugeuzia kibao sisi tunaocheka. Hatua zifuatazo zinamhusu mtu yeyote aliyekutana na jambo linalokwenda kinyume na anachokiamini, liwe la maabara, la shambani, la biashara au la afya yake, na anayetaka kulishughulikia bila kujidanganya.

Hatua ya kwanza: andika imani yako kwa maneno yanayoweza kushindwa

Kabla hujaukagua ushahidi, kagua kwanza kile unachosema unakiamini, kwa kuwa imani nyingi zimeelezwa kwa maneno mapana kiasi kwamba hakuna tukio lolote linaloweza kuzigusa. Anayesema kwamba mbolea fulani ni nzuri hawezi kushindwa, maana mahindi yakistawi ni mbolea na yakidumaa ni mvua. Anayesema kwamba mbolea hiyo, ikitiwa kwa kipimo kilekile katika nusu ya shamba lake msimu huu, itampa magunia mengi kuliko nusu isiyotiwa, amejiweka mahali ambapo anaweza kuonekana amekosea, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanzia.

Mpemba alilielewa hili kuliko walimu wake. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea Mkwawa na kuwaruhusu wanafunzi wamuulize maswali, kijana huyo hakusema tu kwamba maji ya moto huwahi kuganda. Alimwomba afikirie vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikianza na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vikiingizwa kwenye friji. Kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, akauliza ni kwa nini. Swali la namna hiyo linaweza kupelekwa maabara likajibiwa. Hata hivyo lilibaki na tundu moja ambalo lingeleta ubishi baadaye: neno “kuganda” lina maana zaidi ya moja. Je, ni pale joto linapofika sifuri, ni pale utando wa kwanza wa barafu unapoonekana, au ni pale chombo kizima kinapokuwa jiwe? Ukiandika imani yako, tafuta neno la aina hiyo ndani yake na ulifunge mapema, kwa sababu ndilo litakalokupa mwanya wa kuteleza utakapobanwa.

Hatua ya pili: tambua mlango unaotaka kutorokea

Ushahidi usiopendeza hautuachi tukiwa tumekaa kimya. Kabla akili haijapima lolote, moyo umeshachagua mlango wa kutokea, na milango yenyewe haiko mingi. Mlango wa kwanza ni kumshuku shahidi, kama mwalimu wa Magamba alivyofanya. Wa pili ni kicheko, na huo unafungwa kwa shida kwa sababu darasa zima huusukuma pamoja nawe. Upo wa kukilaumu kifaa cha kupimia, upo wa kudai kwamba kilichotokea ni tukio la mara moja lisilohesabika, na upo ule wa kuibadilisha imani yenyewe kimyakimya ili ionekane kwamba haijawahi kusema kile ilichosema.

Mimi binafsi ni mteja wa mlango wa kifaa. Kuna wakati niliamini kabisa kwamba friji ya nyumbani ndiyo inayomaliza umeme wetu, basi nikaizima kwa wiki nzima, tukawa tunanunua mboga za siku kwa siku, na uniti kwenye mita zikaendelea kupungua karibu kwa kasi ileile. Jaribio lilikuwa limefanyika na jibu lilikuwa wazi, lakini badala ya kuiachilia friji nilitangaza kwamba mita ni mbovu na nikamwita fundi. Fundi hakuigusa mita. Alikwenda bafuni, akauliza hita ya maji huwashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, na ikabidi nijibu mbele ya familia kwamba haizimwi. Jambo la kujifunza hapo si kwamba mita haziharibiki, maana huharibika, bali ni kwamba sikuwahi kuishuku mita hiyo katika miezi yote iliyokubaliana nami.

Kwa hiyo, unapokutana na ushahidi unaokukera, andika sentensi ya kwanza iliyokujia kichwani, kama ilivyo, bila kuipamba. Usiitii, wala usiitupe. Huenda ni kweli kwamba shahidi amechanganyikiwa au kifaa kimeharibika, lakini sasa hilo limekuwa dai linalohitaji ushahidi wake lenyewe.

Tahadhari moja iwekwe hapa kabla hatujaendelea. Pale ambapo ushahidi unahusu hatari ya haraka, hatua hizi hazikupi ruhusa ya kukaa ukitafakari. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halimpi mtu dalili yoyote, na kwa hiyo anayepimwa zahanati akaambiwa namba zake ziko juu, kisha akajibu kwamba hajisikii kuumwa, hajaukanusha ushahidi hata chembe. Apimwe tena, ndiyo, lakini huku akifuata ushauri aliopewa.

Hatua ya tatu: uandike ushahidi kabla haujayeyuka

Charles Darwin aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba kwa miaka mingi alijiwekea kanuni ya kunakili papo hapo kila jambo lililopingana na nadharia zake, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka akilini upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Fanya vivyo hivyo. Andika tarehe, kilichoonekana, aliyekiona na hali ilivyokuwa, katika daftari lilelile ulimoandika imani yako.

Hatua ya nne: tumia mizani moja

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walilionyesha hilo mwaka 1979 kwa namna ambayo bado inanisumbua. Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwachukua wanafunzi 48, nusu yao wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga, wakawasomesha maelezo ya tafiti mbili: moja ilionyesha kwamba adhabu hiyo hupunguza mauaji, na nyingine ilionyesha kinyume chake. Tafiti zote mbili zilikuwa zimetungwa na watafiti wenyewe. Kila upande uliona kwamba utafiti uliokubaliana nao umefanywa vizuri, huku ukiuchambua ule mwingine na kuukuta umejaa kasoro. Mwisho wa zoezi, baada ya wote kusoma ushahidi uleule, kila upande ulieleza kwamba msimamo wake umekuwa mkali zaidi kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Zingatia kwamba wanafunzi hao hawakuukataa ushahidi kwa kuziba masikio. Waliukagua, na waliukagua kwa bidii. Tatizo ni kwamba bidii hiyo ilielekezwa upande mmoja tu. Ndiyo maana simwamini sana mtu anayejisifu kwamba yeye hukagua kila kitu, mpaka nimwone akikikagua kile kinachompendeza.

Dawa yake haiko katika kujiambia uwe mwadilifu. Lord na Lepper, wakishirikiana na Elizabeth Preston, walirudi mwaka 1984 na kugundua kwamba kuwahimiza watu wawe waadilifu na wasiegemee upande hakukusaidia, lakini kuwataka wajiulize swali mahususi kulisaidia: je, ningeutathmini utafiti huu vilevile kama mbinu zake zingekuwa hizihizi na matokeo yake yakawa kinyume? Swali hilo liandike juu ya ukurasa. Ukipokea habari kwamba dawa unayoiamini imeshindwa kwenye majaribio, geuza matokeo kichwani mwako, dawa iwe imefaulu, halafu uone kama bado ungesema kwamba waliojaribiwa walikuwa wachache mno. Ikiwa ungesema hivyo, pingamizi lako ni la haki. Ikiwa ungewatumia ndugu zako habari hizo kwa furaha jioni ileile, basi idadi ya waliojaribiwa haikuwa tatizo lako.

Hatua ya tano: panga jaribio kabla hujajua jibu, na utafute cha kukuangusha

Osborne alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Pamoja na hayo hakumcheka. Alimuuliza kama amelijaribu mwenyewe, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam, na ahadi aliitimiza kwa kumwagiza fundi wa maabara alifanye jaribio hilo. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto kweli yaliganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi.

Sijawahi kusoma sentensi inayoeleza udhaifu wetu kwa uaminifu kama hiyo. Kurudia jaribio ni jambo jema, na hakuna sayansi bila kurudia, lakini anayerudia mpaka apate anachokitaka na kisha akaacha hajapima kitu, amesubiri tu bahati imkute. Kwa hiyo idadi ya marudio, kipimo kitakachotumika na matokeo yatakayohesabiwa kuwa ushindi au kushindwa viandikwe mapema. Mfanyabiashara anayeamini kwamba kufungua duka usiku kunalipa aandike kwamba atahesabu mauzo ya baada ya saa mbili usiku kwa siku 30, atatoa gharama za umeme na mlinzi, na kitakachobaki kikiwa chini ya kiasi fulani atafunga mapema. Asije siku ya 31 akaongeza siku nyingine 10 kwa kuwa mwezi ulikuwa wa mvua.

Sehemu ngumu zaidi ni kuchagua jaribio lenyewe, maana kwa tabia tunachagua yale tunayojua tutafaulu. Mwaka 1960 Peter Wason, wa London, aliwapa wanafunzi 29 namba 2, 4 na 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni aliyonayo, nao waitafute kwa kutunga mifululizo yao ya namba tatutatu huku yeye akiwajibu kama inafuata kanuni au la. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa inafuata. Wakajaribu 20, 22, 24, wakaambiwa inafuata. Wakatangaza jibu kwa kujiamini na wakakosea. Kanuni ilikuwa ni namba zozote zinazopanda. Waliofika kwenye jibu bila kutangaza kosa kwanza walikuwa 6 tu, na aliyejaribu mfululizo ambao dhana yake inaukataa, tuseme 1, 7, 50, angelijua kosa lake mara moja. Jiulize, basi, ni wapi imani yako inasema jambo fulani halitatokea, na uende ukachungulie huko.

Hatua ya sita: fanya yote hayo siku ushahidi unapogusa unachokipenda

Majaribio ya Dar es Salaam yaliendelea na Mpemba na Osborne wakayaandika pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia mwaka 1969, wakati huo Mpemba akisoma chuo cha usimamizi wa wanyamapori karibu na Moshi. Mwaka huohuo mtafiti wa Canada, G. S. Kell, aliandika kuhusu jambo hilohilo bila kuhusiana nao, na ilibainika kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wameshaligusia. Jambo hilo likaitwa athari ya Mpemba, na jina lake likaingia katika vitabu vya fizikia duniani kote. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya sababu ya athari hiyo, na maelezo kama 22,000 yakatumwa. Mtanzania gani asingefurahi?

Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden, nao wa Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya uangalifu pamoja na uchambuzi wa takwimu za wengine, wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa athari hiyo katika maji. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kwa kama sentimita moja ndani ya chombo kunatosha kuzaa matokeo yanayofanana na ya Mpemba.

Niliposoma habari hizo, sentensi ya kwanza iliyonijia, ambayo niliiandika kama nilivyoshauri hapo juu, ilikuwa kwamba sasa wanataka kutunyang'anya hata hili. Huo ni mlango wa kumshuku shahidi, na niliukimbilia kama mwalimu wa Magamba alivyoukimbilia, tena kwa kasi zaidi. Pingamizi la pili lilikuwa bora: watafiti hao walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, ilhali Mpemba alizungumzia kuganda, na maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki majimaji kwa muda kabla barafu haijaanza, jambo linaloweza kutofautiana baina ya chombo na chombo hata kama joto ni lilelile. Hilo ndilo lile tundu la neno “kuganda” tulilolikuta katika hatua ya kwanza. Nililipitisha pingamizi hilo kwenye swali la 1984 na lilinibana: kama Burridge na Linden wangelikubaliana na Mpemba, nisingeuliza hata kidogo walipima sifuri au barafu. Pingamizi lenyewe ni halali, na wataalamu wengine wamelitoa pia, lakini nililazimika kukiri kwamba nililipata kwa kulitafuta, na kwamba nilipaswa kuutafuta udhaifu wa majaribio ya 1969 kwa bidii hiyohiyo.

Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Canada, walionyesha kupoa kwa namna hiyo kwa uhakika mkubwa, wakitumia punje ndogo mno ya kioo iliyodhibitiwa kwa miale ya leza. Nilitaka kushangilia. Ukweli ni kwamba jaribio hilo linaonyesha kwamba kitu chenye joto kubwa kinaweza kukitangulia chenye joto dogo katika mfumo ule. Halisemi lolote kuhusu bakuli la maziwa Lushoto.

Hatua ya saba: badilisha kiasi kinachostahili

Watu wengi hufikiri kwamba ushahidi unaopinga una matokeo mawili tu, ama imani ibaki nzima au ianguke yote, na kwa sababu kuanguka kunatisha huchagua ibaki. Mwalimu wa Mkwawa hakuhitaji kuitupa kanuni ya Newton ili amsikilize mwanafunzi wake. Kanuni hiyo inahusu kasi ya kupoa chini ya masharti fulani, na friji iliyojaa vyombo, mvuke, hewa iliyoyeyuka ndani ya maji na barafu iliyoganda chini ya bakuli haiyatimizi masharti hayo yote. Ilitosha aseme kwamba kanuni inasimama na kwamba huenda friji ina mambo ambayo kanuni haikuyahesabu. Pangusa sehemu iliyoguswa, acha isiyoguswa, na uandike umeshuka kutoka uhakika gani hadi uhakika gani.

Hatua ya nane: ikiwa imani si yako bali ni ya mwingine

Hapa nitakuwa mfupi, maana mwongozo huu umekusudiwa kwanza kwa matumizi ya mtu kwa nafsi yake. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walitoa matokeo yaliyodokeza kwamba kumsahihisha mtu kunaweza kumfanya aishike imani yake potofu kwa nguvu zaidi, na habari hiyo ikaenea hadi ikawa kisingizio cha kunyamaza. Ethan Porter na Thomas Wood walilijaribu jambo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, na kwa jumla hawakuiona hali hiyo. Watu walisogea upande wa ukweli, japo kidogo. Kwa hiyo sema. Lakini sema faraghani, hasa kwa mzazi, mwalimu au kiongozi, kwa sababu aliyeulizwa mbele ya darasa anatetea heshima yake kabla hajaitetea fizikia. Na umuulize kwanza yeye mwenyewe ameona nini, kama Osborne alivyomuuliza Mpemba.

Ukurasa wangu kuhusu maji ya moto sasa unasomeka hivi. Dai: katika friji ya kawaida, maji ya nyuzi 90 huanza kuganda kabla ya maji ya nyuzi 25 yenye ujazo sawa. Nilipoanza nililiamini kabisa. Leo naamini kwamba hutokea wakati mwingine, kwa sababu ambazo hazijakubaliwa, na kwamba baadhi ya mifano inayotajwa huenda ni kosa la kipimo. Jaribio: vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji gramu 70 kila kimoja, vikiwekwa juu ya kipande cha sponji ili visiguse barafu ya chini, mahali vikibadilishana kila zamu, marudio 20, kinachohesabiwa ni utando wa kwanza wa barafu unaoonekana kwa macho. Maji ya moto yakitangulia chini ya mara 5, nitalifuta. Hadi leo nimefikia zamu ya 11, na yametangulia mara 3.